Gari Jipya, Bei Mpya: Tunalipia Nini?

Kila inapokaribia tarehe 1 Julai, siku unapofunguliwa mwaka mpya wa fedha, huwapo katika ofisi zetu afisa mwenye kazi ya kuandika sifa za gari litakalonunuliwa. Kazi yenyewe huonekana ndogo. Karatasi ni mbili au tatu, zimejaa maneno ya kiufundi, na wakubwa huzitia saini bila ya kuzisoma hadi chini. Lakini mstari mmoja tu wa karatasi hizo, mathalani ule usemao kwamba gari liwe la toleo jipya kabisa na lenye vifaa vyote, waweza kuongeza mamilioni ya shilingi ambayo hayatarudi tena.

Tumeona inafaa leo kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa lawahusu wote wawili, mwananchi anayelipa kodi na afisa anayeitumia. Suala ni hili: kiwanda kinapolitoa upya gari lake la kifahari, kikaongeza vifaa na kikaongeza bei, je, vifaa hivyo vyastahiki nyongeza hiyo? Jawabu letu ni kwamba vichache vyastahiki na vingi havistahiki, na kwamba hesabu yake hapa visiwani si ile ifanywayo Ujerumani wala Marekani.

Tuchukue mfano unaojulikana na kila mtu, nao ni Mercedes-Benz aina ya S-Class, gari ambalo kwa miongo mingi limekuwa kipimo cha magari ya wakubwa duniani. Mwezi wa Septemba 2020 kiwanda kilionyesha toleo jipya. Huko Marekani toleo lililotangulia, lile la bei ya chini lenye kusukumwa na magurudumu yote manne, lilikuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 97,000. Toleo jipya la namna hiyo lilianzia dola 109,800. Ni kweli kwamba injini nayo ilibadilishwa, lakini hata hivyo nyongeza peke yake imepita dola 12,000, yaani karibu shilingi milioni 30. Kwa fedha hizo mtu aweza kuagiza kutoka Japani gari dogo lililotumika, kama vile Toyota Vitz, akalipa na nauli ya meli, na bado akabakiwa na chenji. (Twasema gari dogo kwa mazoea ya lugha yetu. Kwa mazoea hayo hayo S-Class nayo huitwa gari dogo, ijapokuwa ile ndefu yake imepita mita 5 na robo.)

Hatupendi kuwadhulumu watengenezaji. Wapo wasemao kwamba vifaa vyote vya magari ya kifahari ni majivuno matupu, na sisi twasema wamekosea. Mwaka 1978 S-Class ndiyo iliyoanza kuuziwa wateja breki za kisasa zisizogandisha magurudumu, zilizotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bosch. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafuata mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Mwaka 1995, katika gari la milango miwili la jamii hiyo hiyo, ukaja mfumo wa kulizuia gari lisiserereke kwenye kona. Vitu hivi vitatu vimewaokoa watu wengi mno, nao wengi wao hawajapata kukalia kiti cha S-Class.

Na namna vilivyowafikia watu wadogo ni kisa chenye mafunzo. Mwaka 1997 kiwanda hicho hicho kilitoa gari fupi la bei nafuu, A-Class. Waandishi wa habari wa Sweden walipolijaribu kwa kulikwepesha ghafla, kama dereva akwepavyo mnyama barabarani, likapinduka. Aibu ilikuwa kubwa, na kiwanda kikalazimika kukitia katika kila gari hilo dogo kile kifaa cha kuzuia kuserereka kilichokuwa cha matajiri. Ilipofika mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimekifanya kuwa lazima kwa kila gari jipya. Leo magari madogo ya Japani yaliyotengenezwa katika miaka ya 2010, ambayo ndiyo yanayoteremka bandarini kwetu kila siku, kwa kawaida yana breki hizo za kisasa na mifuko miwili ya hewa mbele, na hakuna anayetozwa bei ya anasa kwa ajili yake.

Tena kifaa kilicho bora kuliko vyote, mkanda wa kiti wenye kushika begani na kiunoni, hakikutoka katika mbio za kupandisha bei. Mhandisi Nils Bohlin aliutengeneza katika kiwanda cha Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila ya malipo.

Sasa basi, tutatenganishaje kilicho cha lazima na kilicho cha urembo? Hatuna haja ya kukopa kipimo kutoka mbali. Wanavyuoni wa misingi ya sheria, tangu Imam Ghazali aliyefariki mwaka 1111 hadi Imam Shatibi wa Granada aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa maslahi ya watu katika daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana uhai au mali huangamia. Ya pili ni haja, ambayo ikikosekana watu hupata mashaka ingawa hawaangamii. Ya tatu ni mapambo, yanayokamilisha uzuri wa kitu. Mapambo si haramu. Lakini mwenye akili hayatangulizi mapambo mbele ya dharura, na mwenye kushika mali ya watu wengine ana sababu kubwa zaidi ya kuchunga mpango huo.

Tukilipima toleo lile la 2020 kwa mizani hii, twaona kwamba limo jambo moja la daraja ya kwanza. Kilitengenezwa kifaa cha kumkinga kwa mfuko wa hewa abiria wa kiti cha nyuma, mbele ya uso wake. Kwa kuwa wakubwa hukaa nyuma, hapana shaka kifaa hicho kina maana. Hata hivyo hakifanyi kazi yake sawasawa ikiwa abiria hakufunga mkanda. Nasi sote tumeyaona magari ya wakubwa yakipita, dereva amefungwa mkanda barabara, na nyuma mheshimiwa amejiegemeza mkanda wake ukining'inia ubavuni kama kanzu iliyoanikwa. Ni ajabu kulipia mfuko wa hewa kwa fedha za umma na kuuacha mkanda ambao umekwisha kulipiwa.

Taa nazo twazikubali kuwa ni haja. Kila taa ya mbele katika zile za bei ya juu ina vioo vidogo mno vipatavyo milioni 1.3, vinavyoweza kuipeleka nuru barabarani na kuiondoa usoni mwa dereva ajaye. Anayeendesha usiku katika njia za mashamba, penye baiskeli zisizo na taa na ng'ombe waliolala pembezoni, ataijua thamani ya kitu hicho. Lakini na aulize pia bei ya taa moja siku itakapovunjwa na jiwe, na itaagizwa kutoka wapi.

Baada ya hapo twaingia katika mapambo, na mengine ni mapambo ya kutibu ugonjwa ulioletwa na gari lenyewe. Magurudumu ya nyuma yaliwezeshwa kukata kona hadi nyuzi 10, ili gari hili refu liweze kugeuka katika duara lisilofika mita 11. Ufundi huo ni wa kustaajabisha, nasi hatuubezi. Ila Toyota ndogo ya mtu wa kawaida hugeuka katika nafasi iliyo ndogo kuliko hiyo bila ya mashine yoyote nyuma, kwa sababu moja tu kwamba ni fupi. Kwa dereva wa Darajani, au wa zile njia za ukingoni mwa Mji Mkongwe ambako baada ya hatua chache hakupiti ila pikipiki na mkokoteni, busara ilikuwa ni kununua gari fupi tangu mwanzo.

Vioo vya kugusa kwa kidole vilifika vitano ndani ya gari moja. Vitasa vya milango vilifanywa vya kujificha na kuchomoza kwa umeme mwenyewe anapokaribia. Na kifaa kilichotangazwa kwa sauti kubwa kuliko vyote, kile cha gari kujiendesha lenyewe huku dereva akiangalia mambo mengine, kilianza kuuzwa Ujerumani mwezi wa Mei 2022. Kiliruhusiwa katika barabara kuu tu, na kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, maana yake ni wakati wa msongamano. Hakikuandaliwa wala hakikuruhusiwa kwa barabara za kwetu. Unguja yote ina urefu wa kiasi cha kilomita 85, na Pemba ni fupi kuliko hiyo. Mtu wa Chake Chake akinunua gari kwa ajili ya sifa hiyo, amenunua jina la kitu.

Liko jambo jingine lililotushughulisha kuliko haya yote, nalo ni geni kwa wasomaji wengi. Katika miaka ya karibuni viwanda vimeanza kuuza gari likiwa na kifaa ndani yake, kisha vikakifunga kifaa hicho kwa programu ya kompyuta mpaka mnunuzi alipe tena kila mwezi au kila mwaka. Mwaka 2021 Mercedes-Benz ilipoleta EQS, gari lake kubwa la umeme, wateja wa Ujerumani waliambiwa kwamba magurudumu ya nyuma yatakata kona hadi nyuzi 10 kwa malipo ya euro 489 kwa mwaka. Asiyelipa atabaki na nyuzi 4 na nusu. Chuma ni kile kile, mota ni ile ile. Mwaka 2022 kampuni hiyo ikatangaza Marekani kwamba mwenye gari lake la umeme ataongezewa kasi ya kuondoka kwa dola 1,200 kwa mwaka. Mwaka huo huo BMW ilitaka katika baadhi ya nchi malipo ya kila mwezi kwa ajili ya joto la viti, na Uingereza yalikuwa pauni 15. Watu walilalamika mno, na mwaka 2023 kampuni ikaliacha shauri hilo la viti.

Huenda msomaji wa visiwani akacheka kusikia mtu analipia joto la kiti. Lakini asicheke sana, kwani mlango ulifunguliwa kwa joto la kiti na waweza kupitisha mengine. Sisi tuliokaa chini ya walimu wa chuoni tulifundishwa kutenganisha bei na ijara. Katika bei, mali hutoka mkononi mwa muuzaji na ikawa ya mnunuzi. Katika ijara, mali hubaki kwa mwenyewe, na mpangaji hulipia manufaa. Kila moja ina hukumu zake, na mtu anajua amesimama wapi. Huyu wa leo amekuuzia nyumba nzima kwa bei ya nyumba nzima, kisha amebaki na ufunguo wa chumba kimoja, na kila mwaka anabisha hodi kukudai kodi ya chumba kilichomo ndani ya kuta zako. Je, ofisi ya umma ikinunua gari la namna hii, malipo hayo ya kila mwaka yataandikwa katika fungu gani? Na gari hilo likiuzwa kwa mnada baada ya miaka minane, mnunuzi atakuwa amenunua nini hasa? Wakaguzi wetu wa hesabu wangefanya vyema kulitafakari jambo hili kabla halijawafikia mezani.

Tuje kwenye matengenezo, kwani huko ndiko bei ya kweli inakojulikana. Mwandishi wa safu hii aliwahi kufuatana na ujumbe katika gari la ofisi moja, ambalo hatulitaji jina wala aina. Liligongwa kidogo tu nyuma, kugongwa ambako zamani fundi wa bati angekunyoosha kwa nyundo mchana mmoja. Lakini ndani ya bampa mlikuwa na kamera na kifaa cha kupima umbali, na vilipokufa vikaamsha taa za onyo mbele ya dereva, na gari likakataa kupita mwendo fulani. Lilikaa gereji miezi miwili likingoja kifaa kutoka nje na kompyuta ya kukisomesha. Katika miezi hiyo ujumbe ulikwenda shamba kwa gari la kukodi, dogo na kuukuu, nalo lilifika kila mahali.

Hali yetu ya hewa nayo haina budi kuingizwa katika hesabu. Tunayo chumvi ya bahari, joto na unyevu mwaka mzima. Kisa cha mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani ni ushahidi mkubwa. Ndani ya mifuko ile mlikuwa na baruti ya kemikali iliyoharibika pole pole kwa joto na unyevu, hata mfuko ulipofumuka vipande vya chuma vilimrukia mtu uliyekuwa umwokoe. Magari mamilioni kwa mamilioni ya kampuni nyingi yaliitwa yarudishwe, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Magari ya miaka hiyo yako mengi katika masoko ya mitumba ya Japani tunakonunua. Hivyo twamsihi kila mwenye gari lililotumika, na kila ofisi yenye magari ya zamani, kuiulizia namba ya fremu ya gari lake kwa mtengenezaji, ili ijulikane kama lilikuwa miongoni mwa hayo na kama lilibadilishwa mfuko. Ulizo hilo halina gharama kubwa, nalo ni la daraja ya dharura.

Kodi nayo huizidisha bei kimya kimya. Kiwango cha kawaida cha ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari dogo ni asilimia 25 ya thamani, na kodi nyingine hupandishwa juu yake. Kwa hiyo mwananchi anayeagiza gari jipya lenye vioo vitano na vitasa vya kujificha hulipia vitu hivyo mara mbili, kiwandani na bandarini. Na hata pale ushuru unaposamehewa kwa sababu gari ni la umma, fedha za kigeni zimekwisha kutoka, nazo zilipatikana kwa karafuu, mwani na wageni wa mahoteli.

Tunajua hoja itakayoletwa. Itasemwa kwamba heshima ya Serikali yataka gari la heshima. Tunaikubali hoja hiyo kwa kiasi chake: mgeni wa taifa hapokewi kwa gari lililokatika bampa, na usalama wa viongozi wakuu ni jambo la wataalamu wake, hatuliingilii. Lakini heshima hiyo isifanywe mwavuli wa kila mkurugenzi. Lugha yetu yenyewe imeweka kumbukumbu ya jambo hili. Katika miaka ya 1960 wananchi wa Afrika ya Mashariki waliona tabaka jipya la watu likizaliwa baada ya uhuru, wakalipa jina kwa kuitia gari ngeli ya watu: Wabenzi. Neno hilo lilikwenda mpaka katika vitabu vya wageni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuja na miiko ya viongozi ili kulizuia tabaka hilo lisiote mizizi, na miiko hiyo ikarithiwa na Chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP. Mwaka 1991, hapa hapa Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ililegeza masharti hayo, ikamruhusu kiongozi kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Hatuna nia ya kulifukua shauri hilo leo. Twakumbusha tu kwamba kilicholegezwa mwaka ule ni masharti juu ya mali ya kiongozi mwenyewe. Mali ya umma haikulegezewa sharti lolote.

Kuhusu mtu binafsi aliyechuma kwa halali yake, hatuna la kumkataza. Akipenda kioo cha tano, na akinunue. Watajiri wa namna hiyo ndio waliolipia majaribio ya breki na mifuko ya hewa ambayo leo inatukinga sisi wengine, na kwa hilo wana shukrani zetu. Twamshauri tu asubiri miaka mitatu au minne, kwa kuwa gari la kifahari huporomoka bei upesi, na vifaa vibovu huwa vimekwisha kujulikana.

Lakini Hazina haikuumbwa kuwa mteja wa majaribio ya viwanda vya ng'ambo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba afisa atakayeandika sifa za gari kabla ya Julai atenge safu tatu pembeni ya kila kifaa kinachoongeza bei. Katika ya kwanza aandike kama kifaa hicho chafanya kazi Unguja na Pemba. Katika ya pili aandike kama kina malipo ya mwaka, na ni kiasi gani. Katika ya tatu aandike gereji ya hapa hapa visiwani iwezayo kukitengeneza. Kifaa ambacho safu zake zitabaki tupu na kifutwe katika karatasi, kisha karatasi ndipo ipelekwe kwa mkubwa kutiwa saini.